Uliza Anti: Nataka kufariji wagonjwa wodini, naanzia wapi?

SWALI: Shikamoo Anti. Mi nauza mitumba pale Memorial, Moshi, na ni mwanakwaya kwenye usharika wetu wa KKKT. Mwaka jana nilimuuguza bibi hospitali, nikaona kuna wagonjwa hawana hata mtu wa kuwaambia pole, ndugu wote wako mbali, basi ikanijia rohoni niwe natembelea na kusali nao. Juzi nimebeba Biblia yangu nikaenda, mlinzi akanirudisha getini eti muda wa kuona wagonjwa umepita na sina barua. Niliumia Anti. Kwani mpaka uwe mchungaji? Na wanalipa hata nauli? – Mama Mitumba, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mlinzi usimlaumu, maana pale getini wanafika watu wa kila aina na Biblia mkononi, wengine wakiingia wanahubiri kwa sauti wodi nzima, wengine wanaomba sadaka kwa mtu aliyelazwa (jamani!), na wabaya kuliko wote ni wale wanaomwambia mgonjwa wa sukari au anayetumia ARV kwamba ameshapona atupe dawa. Sasa mlinzi atajuaje kama wewe sio mmoja wao?

Uchungaji sio lazima. Kuna vitu vya wenye daraja tu, mfano kwa Wakatoliki mpako wa wagonjwa ni kazi ya padri, ila kukaa na mtu na kumsikiliza hata muuza mitumba anaweza, tena nyie mmezoea kuongea na kila mtu. Mwone mchungaji wako akuandikie barua. Hospitali ya kanisa kama KCMC ulizia mchungaji wa hospitali, ya serikali kama Mawenzi barua iende kwa mganga mfawidhi, na watu wa ustawi wa jamii ni wazuri kuwajua coz wao ndo wanajua nani hatembelewi. Hela hakuna, nauli ni yako, labda usharika wakuchangie.

Ukinogewa, KCMC kuna mafunzo yanaitwa CPE, ya kuhudumia wagonjwa kiroho. Haya yalianzia Marekani, mwaka 1925 mchungaji Anton Boisen alichukua wanafunzi wa theolojia akawapeleka hospitali ya wagonjwa wa akili kule Worcester, na yeye mwenyewe alishawahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, kwahiyo alikuwa anajua kitanda kinavyokuwa. Kwenye CPE unatoka wodini unaandika maongezi yote, mgonjwa kasema nini ukajibu nini, neno kwa neno, halafu wenzako wanayachambua. Hapo ndo unagundua mgonjwa alikuambia anaogopa oparesheni na wewe ukakimbilia Zaburi ya 23.

Sasa ukifika kitandani. Usianze na Bwana asifiwe, humjui dini yake. Sema jina lako, sema umetoka wapi, halafu uliza, "naweza kukaa na wewe kidogo?" Akisema hapana, mwambie ugua pole uondoke na usinune. Huyo mtu asubuhi kachomwa sindano, kaletewa uji usio na chumvi, kavuliwa nguo mbele ya madaktari wanafunzi, wewe ndo kitu pekee anachoweza kukikataa siku hiyo, mwachie akikatae. Akikubali, kaa kwenye stuli sio kitandani kwake, nawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa, na usimpe chakula hata ndizi bila kumuuliza nesi, huenda anasubiri kuingia theta. Mama aliyefiwa na mtoto usimwambie ni mapenzi ya Mungu. Nyamaza naye tu. Kusali ni mpaka aombe au akubali.

Na siri mwanangu! Mambo ya jumapili kusimama kwaya ikimaliza, "tumwombee dada fulani yuko wodi fulani ana hiki na hiki", hapana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo ni aibu.

SWALI: Anti, hii ni ya Wakristo tu? Mi ni kijana wa Kiislamu, Ngarenaro Arusha, naweza? – Kijana wa Ngarenaro

JIBU: Unaweza sana, kumzuru mgonjwa si ni haki ya Muislamu kwa mwenzie, na Mount Meru pale Waislamu wanalazwa kila siku, wengine hawana wa kuwatamkisha shahada wakati wa mwisho. Ongea na imamu wako baada ya swala ya ijumaa akuandikie barua, utaratibu ni uleule niliomwambia mama wa Moshi. Ila wodi ya kina mama usiende peke yako, tafuta dada au mama mmoja wa hapo msikitini muwe mnaenda wote, aingie yeye.