Kwetu vifo 11, kwa jirani 6: je, kata yetu ina saratani zaidi?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi kwenye kata moja ya juu mkoani Kilimanjaro. Tangu mwanzo wa 2020 nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila msiba wa saratani katika kata yetu, pamoja na umri wa marehemu. Hadi mwisho wa 2024 nilikuwa nimeandika 11, tisa kati yao wa miaka 60 na kuendelea. Mwenzangu wa kata ya chini, kule barabarani, kwa miaka hiyohiyo ameandika sita, wanne wao wa miaka 60 na kuendelea. Na sisi ndio wachache: tuko kama 9,000, wao 12,000. Mtendaji amenisaidia kupata hesabu ya wazee: wenye miaka 60 na zaidi kwetu ni 1,500, kwao 500. Watu wanasema ni mnara wa simu uliojengwa 2019, wengine wanasema dawa za kupulizia kahawa. Naomba kujua, kwa hesabu, ni kweli kata yetu ina saratani zaidi? Na ninyi mnapima kwa njia gani?

Jibu

Shikamoo, mwalimu. Pole sana kwa misiba yote hiyo, na ahsante kwa kuandika umri. Barua nyingi ninazopata zinasema tu "watu wanakufa sana huku", na hapo siwezi kumsaidia mtu. Wewe umenipa kitu cha kukokotoa, basi tukokotoe pamoja.

Watu 9,000 wakifuatiliwa kwa miaka mitano wanatupa jumla ya miaka 45,000 ya kuishi. Gawanya vifo 11 kwa 45,000, zidisha kwa 100,000, unapata kama 24 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa jirani, vifo sita kwa miaka 60,000 ni 10. Kwa kipimo hiki kata yako imezidi mara mbili na zaidi, na ndicho ambacho macho yenu yameona makaburini. Sisi tunakiita kiwango ghafi. Hakina kosa la hesabu, ila kinajibu swali tofauti na lile uliloniuliza.

Saratani nyingi huja na umri. Kata za juu vijana wameshuka, wako Moshi, Arusha, Dar es Salaam, na nyumbani wamebaki babu na bibi na wajukuu. Kata ya barabarani ina maduka, bodaboda, wapangaji, mama vijana wenye watoto mgongoni. Kwenu mtu mmoja kati ya sita ana miaka 60 au zaidi, kwao ni mmoja kati ya 24. Kata mbili za namna hiyo huwezi kuzilinganisha kwa kuhesabu misiba, kama ambavyo shuleni usingelinganisha wastani wa darasa la pili na wa darasa la saba kwenye mtihani mmoja.

Kwa hiyo tunayatenga makundi. Wazee wako 1,500 kwa miaka mitano ni miaka 7,500 ya kuishi, na vifo vyao ni tisa: kiwango ni 120 kwa 100,000. Wazee 500 wa jirani ni miaka 2,500, vifo vinne: kiwango ni 160. Umeona? Kwa wazee, jirani ndiye aliye juu. Kwa walio chini ya miaka 60, kwenu ni vifo viwili kwa miaka 37,500, yaani kama 5.3, na kwao viwili kwa miaka 57,500, yaani kama 3.5.

Sasa tunatafuta namba moja kwa kila kata. Tunajiuliza: kata hizi mbili zingekuwa na mgawanyo mmoja wa umri, zingesimamaje? Rejista nyingi za saratani duniani hutumia mgawanyo sanifu mmoja, ule aliouandaa Mjapani Segi mwaka 1960 na kurekebishwa na Mwingereza Doll na wenzake mwaka 1966. Katika kila watu 100 wa mgawanyo huo, 11 wana miaka 60 na zaidi, na 89 wako chini ya hapo. Kata yako: 120 mara 0.11, jumlisha 5.3 mara 0.89, jibu ni kama 18. Jirani: 160 mara 0.11, jumlisha 3.5 mara 0.89, jibu ni kama 21. Ile tofauti ya mara mbili imeyeyuka, na mizani imeegemea upande wa pili kidogo. (Kazini tunagawa umri kwa vipande vya miaka mitano mitano. Hapa nimekata vipande viwili tu ili uweze kurudia mwenyewe kwa kalamu.)

Usikimbilie kumwambia mwenzako kwamba kata yake ndiyo mbaya. Vifo sita ni vichache mno. Namba ndogo huyumba zenyewe: mahali ambapo vifo 11 vimetokea kwa miaka mitano, hali ikiwa ileile bila chochote kubadilika, miaka mitano mingine ingeweza kutoa vitano au kumi na tisa. Mahali pa sita, vingeweza kuwa viwili, vingeweza kuwa 13. Ukiweka pamoja makadirio hayo mawili, vitano hadi kumi na tisa na viwili hadi 13, yanafunikana sehemu kubwa, kwa hiyo kwa namba hizi peke yake siwezi kutofautisha kata hizi mbili. Marekani walichora ramani ya vifo vya saratani ya figo kwa kila wilaya. Wilaya zilizokuwa chini kabisa nyingi zilikuwa za mashambani zenye watu wachache, na mtu angeweza kusema ni hewa safi na mboga za shambani. Zilizokuwa juu kabisa nazo nyingi zilikuwa za mashambani zenye watu wachache. Wilaya yenye watu wachache kifo kimoja huirusha juu, na mwaka usio na kifo huishusha hadi sifuri.

Kuna jambo jingine nataka uliangalie bila kuhisi ninakulaumu: ni nini kilikufanya uanze kuandika? Mara nyingi mtu huanza kuhesabu baada ya misiba miwili mitatu kumgusa, kisha mipaka ya hesabu inachorwa kuizunguka misiba hiyohiyo. Nchi ina kata zaidi ya elfu tatu. Kwa bahati peke yake, kila mwaka zitakuwepo ambazo saratani imeonekana kuzimiminikia. Hesabu inayoaminika huweka mipaka na miaka kwanza, halafu ndiyo ifungue daftari.

Na anwani. Nimekaa na mafaili ya wagonjwa miaka mingi, na kitu kinachoniumiza kichwa kuliko hesabu yoyote ni ule mstari wa "makazi". Mzee anatoka kijijini mgonjwa, anafikia kwa mwanawe mjini ili awe karibu na hospitali, karani anauliza "unaishi wapi?", mwana anajibu yeye: anataja mtaa wake. Ndani ya faili hilohilo, kwenye barua ya rufaa iliyokunjwa mara nne, zahanati imeandika kijiji. Usipoikunjua ile barua, mji umepata mgonjwa asiye wake na kijiji kimepotelewa. Ndiyo maana maeneo yaliyo karibu na hospitali kubwa karibu kila mara yanaonekana yana saratani nyingi. Upande wa pili, palipo mbali na kipimo cha kamera inayoingizwa kooni hadi tumboni, na maabara ya kusoma kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, mtu huzikwa na jina la "vidonda vya tumbo".

Pamoja na hayo yote, sitaki uondoke ukidhani tofauti kati ya jamii na jamii ni mchezo wa namba. Tofauti za kweli zipo, tena kubwa, na ukanda wetu ndio uliowafundisha wengine. Ila huonekana pale unapoacha kusema "saratani" na kuanza kuuliza ipi. Ya titi, ya tezi dume, ya mlango wa kizazi, ya koo, hizi ni magonjwa tofauti yenye vyanzo tofauti. Ukizimwaga kwenye kapu moja, iliyozidi na iliyopungua zinafutana.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashika watoto. Aliuliza hospitali za Afrika kama wanauona, akaweka alama kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari, wakazunguka kama kilomita 16,000 kwa wiki kumi hivi hadi kusini mwa bara, wakipita zaidi ya hospitali 50 na kuuliza swali lilelile. Ramani ikasema: kwenye joto na mvua ugonjwa upo, kwenye miinuko yenye baridi haupo au ni nadra. Ulikuwa ukifuata malaria. Mwaka 1964 London, Epstein na wenzake waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, na leo tunajua kirusi hicho na malaria ya kurudiarudia huutengeneza kwa pamoja. Mtoto wa kata yako ya juu, penye mbu wachache, kwa ugonjwa huo yuko salama kuliko mtoto wa kando ya Ziwa Victoria.

Vivyo hivyo saratani ya kibofu hufuata kichocho cha mkojo. Kanda ya Ziwa, Unguja na Pemba, pwani ya Kenya, watoto waliokulia kwenye madimbwi na majaruba yenye konokono hupata vidonda vya kibofu vinavyokaa miaka, na baadhi huishia kwenye saratani ya seli bapa, aina isiyo ya kawaida kwenye nchi zisizo na kichocho. Njombe, ambako VVU viko juu kuliko mikoa mingi, mlango wa kizazi unahitaji macho zaidi, kwa sababu mwanamke anayeishi na VVU ana hatari kama mara sita ya mwenzake.

Lakini kwa kata yako, mwalimu, swali langu la kwanza ni koo. Kuna ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Bonde la Ufa la Kenya, Kilimanjaro, Malawi, hadi Eastern Cape ya Afrika Kusini, ambako saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, iko juu kuliko sehemu nyingine nyingi za bara, na hushika hata watu wa miaka 30 na 40. Pombe na tumbaku zimo, ila hazimalizi maelezo. Watafiti waliopima chai mkoani kwako walikuta watu wanapiga funda la kwanza ikiwa kwenye nyuzi joto 70 hivi, na chai ya maziwa ikinywewa ya moto kuliko ya rangi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Golestan, kaskazini mwa Irani, penye ugonjwa huohuo, watu kama 50,000 walifuatiliwa kwa miaka, na waliokunywa chai nyingi na ya moto sana walionekana kuwa na hatari karibu mara mbili. Kikombe kikipoa dakika chache mezani hakipotezi chochote, na hilo ningependa lisemwe kwenye vikao vya kata yako kuanzia wiki hii.

Mnara: uvimbe mwingi wa saratani huchukua miaka kumi na zaidi tangu chanzo hadi dalili. Mnara wa 2019 hauwezi kueleza misiba ya 2020 wala ya 2022. Dawa za kahawa ni jambo la kuulizwa kwa uzito zaidi, kwa sababu wapo waliozipulizia kwa miaka 30 bila kinga yoyote. Ila hapo unahitaji kujua nani alipuliza, dawa gani, miaka mingapi, na alipata saratani ipi. Kata nzima haikushika bomba.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari. Majina yabaki kwako. Kwa kila mmoja ongeza: saratani ya wapi, kama ilivyo kwenye majibu ya kinyama na si kama ilivyosemwa msibani; mwaka ilipogunduliwa, kwa sababu vifo peke yake vinawaacha waliopona; alikolala miaka kumi kabla ya kuugua; kazi yake; hospitali iliyomtibu. Waandike na walio hai wanaotibiwa, kwa ruhusa yao. Kisha mpelekee mganga mkuu wa wilaya aoanishe na rejista ya saratani iliyopo hospitali ya KCMC, Moshi. Na mtu yeyote hapo kijijini anayesema ugali unakwama na anausukuma kwa maji, asisubiri daftari, aende akapigwe kamera sasa.

Ukishamaliza, hesabu wangapi kati ya hao 11 ni wa koo. Wakiwa mmoja au wawili, nimeshakujibu. Wakifika watano au sita, niandikie tena, unitajie na umri wa kila mmoja.