Maswali ya Wasomaji: Vali za Priamplifaya

SWALI: Ndugu Mhariri, fundi amenishauri nitoe vali (mirija ya kioo inayokuza sauti) za ECC83 katika priamplifaya yangu ya Marantz 7, kifaa kinachoandaa sauti kabla ya amplifaya kuu, niweke za ECC82, ati sauti itatulia. Je, nimsikilize?

JIBU: Hapana. Ni kweli zote zina pini tisa na huingia katika soketi ileile, lakini uwezo wa ECC82 wa kukuza sauti haufiki hata robo ya ule wa ECC83, ambao ni takriban mara 100. Sehemu ya santuri ya Marantz 7 hutegemea ukuzaji huo mkubwa, kwa kuwa kiasi chake hurudishwa nyuma ndani ya saketi ili kusawazisha besi na sauti za juu. Ukiupunguza, mizani hiyo huharibika, na huo, kwa maoni yangu, si utulivu bali ni kufifia. Ikiwa kinachokukera ni mlio, punguza sauti, kisha gonga kila vali taratibu kwa kifutio cha penseli: itakayolia kama kengele kwenye spika, ibadilishe kwa ECC83 nyingine.