Muulize Fundi: Gari nimejenga mwenyewe, nikishika breki inavuta kushoto

Mwezi huu barua tatu zimeuliza kuhusu magari ya kujijengea, mbili ni za watu ambao gari tayari iko kwa magurudumu, ya tatu gari bado inajengwa lakini mahali pa kuijaribia panatafutwa. Nimeziweka pamoja.

SWALI: Habari fundi. Niko Kiamunyi hapa Nakuru, nimemaliza kujenga gari ndogo ya spoti, viti viwili, haina paa, chasi nimechomelea mwenyewe na skwea tyubu ya inchi moja geji 16, injini na giaboksi nimetoa kwa Altezza iliyokuwa imegongwa. Imenimaliza miaka mitatu na nusu. Shida ni mbili. Ya kwanza, nikishika breki kwa nguvu tairi ya mbele kulia inafunga kabla ya zingine na gari inavuta kushoto. Nimebadilisha pedi, nimetoa hewa mara tatu, kalipa nimefungua nikasafisha, bado. Niliipima na mizani ya posho mill nikapata mbele kushoto kilo 178, mbele kulia 166, nyuma kushoto 180, nyuma kulia 196. Ya pili, nataka kujua inafika spidi gani. Nilikuwa naona niamke saa kumi alfajiri nipande nayo barabara ya Eldoret, kutoka Salgaa, wakati hakuna magari. Unaonaje? (Kijana wa Kiamunyi)

JIBU: Kijana wangu, hongera kwanza. Miaka mitatu na nusu na hukuiacha ikaota nyasi nyuma ya nyumba, hiyo peke yake inaniambia wewe ni mtu wa aina gani.

Hiyo ya Salgaa nakuomba uiache kabisa. Saa kumi alfajiri barabara ile haijawahi kuwa tupu, hiyo ndiyo saa ya matreila, mengine dereva amekuwa kwa usukani usiku mzima, na gari yako kwa urefu inamfikia usawa wa tairi tu, hatakuona. Gari ndogo kwa barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi mwisho wake kisheria ni kilomita 100 kwa saa, na hata pale njia ni mbili kila upande ni 110, kwa hivyo chochote ungetaka kujua juu ya hapo ungekuwa unavunja sheria na gari ambayo bado inavuta kushoto ukishika breki. Na ni barabara ambayo sisi watu wa huku tumezika watu wengi sana juu yake, wote tunakumbuka tanki la mafuta la Sachangwan Januari 2009, zaidi ya watu 100. Usiende.

Spidi ya juu unaweza kuanza kuipata ukiwa umekaa mezani. Chukua mizunguko ya injini, tuseme 7,000 kwa dakika, ukiwa kwa ile gia ya moja kwa moja, yaani ile giaboksi inazunguka sawa na injini, gawanya na uwiano wa difu yako, tuseme 4.1, zidisha na mzingo wa tairi, tuseme mita 1.85, hapo una mita kwa dakika, zidisha na 60 ugawanye na 1,000. Inakuja kama 190. Hiyo ni ya karatasi, upepo hautakupa yote juu gari isiyo na paa inabeba upepo vibaya sana. Alafu kumbuka injini yako, kama ni ile ya Altezza RS200 ya gia za mkono, ilitoka kiwandani Japani na farasi 210, lakini Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari na hewa ya hapa ni nyepesi, unapoteza kama sehemu moja ya sita, kwa hivyo ukiona inavuta kama ya farasi 175 usianze kufungua injini ukidhani imechoka.

Sasa twende kwa breki, juu jibu umelibeba mwenyewe kwa zile namba nne.

Jumlisha zote, ni kilo 720, magunia manane kamili ya mahindi ya kilo 90, na kwa gari ya viti viwili hiyo ni kazi safi. Jumlisha upande kwa upande, kushoto 358, kulia 362, hapo pia iko sawa, nadhani ndio maana hukushtuka. Lakini sasa jumlisha kona kwa kona. Mbele kushoto na nyuma kulia ni 374. Mbele kulia na nyuma kushoto ni 346. Tofauti ni kilo 28. Unajua ile meza ya hotelini ambayo mguu mmoja ni mfupi, ukiweka chai inaegemea miguu miwili iliyoangaliana kona na ile mingine miwili inaguswa tu na sakafu? Gari yako ni hiyo meza. Tairi ya mbele kulia imebeba kidogo kuliko mwenzake, ukishika breki kalipa zote mbili zinabana sawa, ile iliyobeba kidogo inashindwa kwanza inafunga inaanza kuteleza, ile ya kushoto bado imeshika lami, na gari inaenda kule kunashikwa. Pedi ungebadilisha hadi Krismasi.

Na kuna kitu hukuniandikia, ulipima ukiwa ndani ama nje? Naona kama ulikuwa nje. Usukani wetu uko kulia, kwa hivyo ukikaa wewe zile namba zinabadilika zote. Rudi upime tena, weka kwa kiti chako gunia la mchanga lenye uzito wako, na mafuta nusu tanki. Mizani iko moja na tairi ni nne, haina shida, tafuta mbao za kuweka chini ya zile tairi tatu zingine ziwe kimo sawasawa na mizani, hata milimita tano zinaharibu hesabu, na usiamini sakafu kwa macho, chukua paipu ya maji ile mafundi wa mjengo wanatumia kupata leveli na upime pale penye kila tairi inakaa. Upepo wa tairi uwe sawa, fungua ile fimbo inayounganisha sasponsheni ya kushoto na kulia kama uliweka, na kila ukihamisha mizani tingisha gari kwanza ili springi zitulie. Nusu siku inaisha hapo, usiharakishe.

Alafu zungusha sahani ya springi ya mbele kulia, ile springi inaikalia, uinue, nusu mzunguko, upime. Ukiinua hiyo kona unaongeza uzito kwayo na pia kwa nyuma kushoto, zile zingine mbili zinapungua. Wengi wanatarajia uzito uhame kutoka kulia kwenda kushoto ama kinyume chake, hauhami hivyo, unahama kona kwa kona. Endelea polepole hadi tofauti ya zile jumla mbili ishuke chini ya kilo tano, ukimaliza rudia kunyoosha magurudumu ya mbele juu ukigusa kimo umegusa na hayo pia.

Kuhusu mahali pa kujaribia. Tafuta uwanja wa simiti ama lami wenye lango la kufunga, yadi ya malori, stoo ya nafaka, mahali kunalala Jumapili, uandike barua kwa mwenyewe kwa heshima umwambie ukweli kwamba ni gari ya kujaribiwa. Na tafuta klabu za mchezo huu zilizo chini ya Kenya Motor Sports Federation, ziko na mashindano ya autokrosi, ni ya vumbi mengi yake lakini kuna watu wa kukuangalia na kuna ukaguzi wa gari kabla hujaingia, na huo ukaguzi ni msaada mkubwa, mtu ambaye hajaipenda gari yako ataona kile wewe huoni.

Siku ya kwanza ni breki peke yake. Kilomita 40 kwa saa, simama. Mara kumi. Alafu 60, mara kumi, shuka ushike rimu na mkono bila kugusa diski, usikie ni gani moto zaidi. Oili ya breki iwe mpya, kopo ambalo unalifungua siku hiyo, la daraja la DOT 4. Hii nakwambia kwa uchungu. Gari yangu ya kwanza kujenga niliwekewa oili kutoka kwa kopo lililokuwa limekaa wazi dukani sijui tangu lini, nami sikuuliza, na hii oili inafyonza unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia digrii 205, ikishafyonza maji inaweza kuchemka kwa 140. Nilikuwa naenda mzunguko wa tisa ama wa kumi, pedali ikaanza kuwa laini kama kukanyaga sponji, nikasema ni mguu wangu umechoka, mzunguko uliofuata ikashuka hadi kwa mbao. Nilisimama kwa rundo la mchanga wa ujenzi. Huo mchanga haukuwekwa kwa ajili yangu, ulikuwa tu hapo.

Siku ya pili chora duara. Kamba ya mita 15 kutoka katikati, chokaa, ufuate ule mstari na mwenzako ashike saa. Ongeza mwendo pole pole hadi ianze kuteleza, andika sekunde za mzunguko mmoja. Chukua 60 ugawanye na sekunde zikizidishwa zenyewe. Sekunde 8.7 inakupa kama 0.8, yaani gari inashika kona kwa nguvu ya karibu asilimia 80 ya uzito wake, na kwa tairi za kawaida za barabarani hiyo ni nzuri. Zunguka kushoto, zunguka kulia. Kama kulia ni 8.7 na kushoto ni 9.2 rudi kwa mizani na kwa pembe za magurudumu. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, uandike kwa daftari kabla hujasahau, juu ukibadilisha viwili na ikawa bora hutajua ni kipi cha kushukuru.

Niandikie tena ukishapima na gunia ndani. Nataka kuziona hizo namba.

SWALI: Fundi, sisi ni vijana watatu Kisumu, kazi yetu ni boti za faiba upande wa Dunga. Tulijenga gari ya spoti moja bodi ya faiba, imetoka vizuri watu wanaulizia, tunataka kujenga tano za kuuza. Shida, tukikata kona ndefu taa ya oili inawaka kidogo inazima. Tuendelee tu? (Watatu wa Dunga)

JIBU: Msiendelee, zimeni injini leo. Nyinyi mnajua maji yaliyoingia kwa mtumbwi yanafanya nini mtumbwi ukilala ubavu. Oili inafanya hivyo hivyo, kona ya nguvu ya 0.8 inailaza karibu digrii 40 ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inapanda ukuta, ile paipu ya kufyonza inabaki inavuta hewa, na beringi za kranki haziwezi kukaa bila oili hata sekunde chache. Fungueni sampu mchomelee vibati vya kuizunguka paipu, viwe na vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea ndani peke yake, oili iingie na isitoke. Alafu mweke geji ya kweli ya presha, hiyo taa inawaka wakati mambo yameshaharibika.

Kuhusu zile tano, chasi ya kwanza mlipimia kwa jicho na chaki, si ndio? Jengeni kwanza fremu nzito ya chuma ya kushikilia tyubu wakati wa kuchomelea, kama moldi yenu ya boti, ili gari ya tano iwe sawa na ya kwanza. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliombwa kuunda gari mwaka 1986, Nyayo Pioneer, zikatoka tano na zikafika kilomita 120 kwa saa, lakini kuzitoa kwa wingi hakukufika, na walikuwa na maprofesa. Nawaambia hivyo nikitaka mfaulu. Msichukue deposit ya mtu kabla hiyo ya kwanza haijatembea kilomita 5,000 na mkaifungua yote mkaangalia kila weldi.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Webuye. Kijana wangu anajenga gari ya mashindano nyumbani na anataka nimkubalie ainyooshe ile njia yetu ya marram, mita 300, akate na ile miti ya grevilea ya kando, apate mahali pa kuijaribia. Namwogopea lakini sitaki kumvunja moyo. (Mama Webuye)

JIBU: Mama, salamu zimefika, na hofu yako ni ya haki. Miti akate ama asikate shida ni urefu wa njia. Kwa marram iliyolegea gari ikienda kilomita 60 kwa saa inahitaji kama mita 30 kusimama, na mwendo ukiwa mara mbili umbali unakuwa mara nne, kwa 120 ni kama mita 120, na hapo sijahesabu njia aliyotumia kufika hiyo 120. Kwa mita 300 mkubalie 60 tu, ajaribu breki, klachi na usukani, mengine ayafanye mahali palipofungwa kama nilivyomwambia huyo wa Nakuru. Mashina yakibaki chini ni mabaya kuliko miti yenyewe, kwa hivyo akikata ang'oe. Mwambie kila siku ya kujaribu kuwe na helmeti, mkanda, kizima moto, na mtu mzima wa pili amesimama mahali anaona, watoto na ng'ombe wakiwa wamefungiwa upande ule mwingine wa nyumba. Na ufunguo ukae kwako, Mama, aje akuombe kila mara akionyesha hivyo vyote vinne.