Muuzaji alishakubali bei, sasa anataka kumuuzia mwingine

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunanunua nyumba yetu ya kwanza hapa Leicester kwa pauni 310,000. Mwenye nyumba alikubali bei wiki saba zilizopita, nasi tumeshamlipa mkaguzi wa majengo na gharama za upekuzi wa kumbukumbu za nyumba. Juzi dalali kapiga simu: kuna mtu ametoa 322,000 na muuzaji ameanza kugeuka. Tunaweza kumshitaki? La pili, fomu ya wakili wetu inauliza kama tumewahi kumiliki nyumba popote duniani. Marehemu mama alituachia nyumba Tanga, watoto watano, na tangu 2019 hati ina majina yetu sote. Rafiki yangu anasema niandike hapana. Shemeji anasema nikiandika ndiyo nitatozwa ushuru wa pauni 21,000. Na kaka yangu wa Muscat anataka kutuchangia 25,000. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Najua wiki saba za kupanga mapazia kichwani zinavyouma zikiishia hivyo.

Kumshitaki hamwezi. Sheria ya England ya mwaka 1989 inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, wenye masharti yote mliyokubaliana, na uwe na saini. Neno la mdomo halimfungi mtu, hata kama mmepeana mikono sebuleni kwake. Barua pepe za dalali nazo hazimfungi. Zisome tena utaona zimeandikwa kwamba makubaliano yanangoja mkataba. Na dalali msimlaumu kwa kumfikishia muuzaji ofa ya mtu mwingine, maana sheria inamlazimisha kufanya hivyo.

Kinachofunga ni kubadilishana mikataba, na wengi hawajui kitendo chenyewe kilivyo kidogo. Wewe umeshasaini nakala yako, muuzaji kasaini yake, kila moja iko kwenye faili la wakili wake. Nampigia simu wakili wa upande wa pili. Tunasomeana majina, anwani, bei, amana na siku ya kukabidhiana funguo. Kisha mmoja wetu anasema, "Tumebadilishana, saa nane na dakika kumi mchana," na kila mmoja anaandika saa hiyo kwenye nakala aliyonayo. Basi. Saa nane na dakika tisa muuzaji angeweza kuondoka bila kukulipa hata senti. Dakika moja baadaye amefungwa, na wewe umefungwa pia: ukishindwa kumaliza ununuzi, amana yako, kwa kawaida asilimia 10 ya bei, yaani pauni 31,000 kwenu, inaweza kwenda na maji. Kwa mikataba ya kawaida ya huku, hasara ya moto au mafuriko nayo inakuwa juu ya mnunuzi tangu dakika hiyo, kwa hiyo bima ianze siku hiyo hiyo, msingoje funguo.

Kwa hiyo msipoteze muda kwa hasira. Muulizeni wakili wenu leo: kimebaki nini kabla ya kubadilishana? Kama mkopo umeshaidhinishwa na majibu ya upekuzi yamerudi, mna silaha ambayo huyo wa 322,000 hana. Yeye ndiyo kwanza anaanza, na muuzaji mwenye haraka anaelewa maana yake. Ombeni nyumba iondolewe sokoni. Mnaweza pia kuomba ahadi ya maandishi kwamba kwa muda maalumu, tuseme siku 14, hatazungumza na mnunuzi mwingine. Mahakama ya Rufaa ilikubali mwaka 1993, katika kesi ya Pitt na PHH Asset Management, kwamba ahadi ya wiki mbili kama hiyo inamfunga muuzaji. Haimlazimishi kuwauzia, ila akiivunja mnaweza kudai fidia. Iandikwe na wakili, si dalali.

Sasa nyumba ya Tanga, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu rafiki yako na shemeji yako wote wamekosea.

Nafuu ya ushuru wa kununua nyumba kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni ya mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba, wala fungu la nyumba, mahali popote duniani. Urithi unahesabiwa. Jina lako limo kwenye hati, basi wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza, na kwa kuwa mnanunua wawili, mume wako anaikosa nafuu pamoja nawe hata kama yeye hajawahi kumiliki chochote. Mngelipa pauni 500 tu. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, sasa ni pauni 5,500: bure kwenye 125,000 za kwanza, asilimia 2 kwenye 125,000 zinazofuata, asilimia 5 kwenye 60,000 zilizobaki.

Hizo 21,000 za shemeji ni hesabu ya mtu mwenye nyumba nyingine, anayeongezewa asilimia 5 ya bei yote. Nyongeza hiyo inahusu nyumba za nje pia, lakini kinachopimwa ni thamani ya fungu lako, na inaanza fungu likifika pauni 40,000. Tuseme nyumba nzima ya mama ina thamani ya pauni 60,000: fungu lako la tano ni kama 12,000. Haikugusi. Mtafuteni mthamini Tanga awaandikie barua, ikae kwenye faili.

Usiandike hapana, dada. Fomu ile hata ikijazwa na wakili, tamko ni lako, na kwa uongo wa makusudi mamlaka ya mapato inaweza kurudi nyuma miaka 20. Tofauti ni pauni 5,000. Zinauma, lakini zinalipika.

Zawadi ya kaka inaruhusiwa. Wakili atataka barua yake kwamba hadai kurudishiwa wala fungu la nyumba, pasipoti yake, na taarifa za benki zinazoonyesha alivyozipata. Benki ya mkopo nayo iambiwe. Mwombe atume zote kutoka akaunti yake mwenyewe. Zikija vipande vipande kupitia kwa marafiki watatu, tutakaa wiki mbili tukifuatilia kila kipande na mnunuzi mwingine atawapita. Kama sehemu ya akiba yenu ni ya upatu, leteni daftari la kikundi lenye majina na tarehe. Mimi huwa nalikubali likiendana na taarifa za benki.

Jambo moja hukuuliza. Karibu na siku ya kutuma amana, ikija barua pepe inayosema akaunti ya ofisi ya wakili imebadilika, msitume kitu. Pigeni simu kwa namba mliyopewa siku ya kwanza, mkasomeane namba ya akaunti tarakimu moja moja.