Kolaji ya kwetu: maswali yenu kuhusu lubugo, gomesi na picha za WhatsApp

Nilitumiwa picha za ukoo kwa WhatsApp na ndugu walio Arua. Kwenye simu zimekaa vizuri, ila kolaji (picha nyingi zilizounganishwa kuwa moja) ya A3 niliyochapisha barabara ya Nasser, Kampala, ilitoka na nyuso za ukungu. Mchapaji kaniharibia?

Mchapaji hana kosa. WhatsApp hubana picha kabla ya kuituma, na mara nyingi upande mrefu hubaki na pikseli 1,600 hivi. Ukichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, hizo zinatosha sentimita 13 na nusu tu, na A3 ina 42. Waombe watume upya kama dokumenti, si kama picha. Nawe fungua ukurasa wa pikseli 3,508 kwa 4,961 tangu mwanzo. Ukianza na mdogo ukaunyoosha mwishoni, ukungu unarudi palepale.

Picha za karatasi zipitishe kwenye skana kwa pikseli 600 kwa inchi. Hapo unaweza kuzikuza mara mbili bila wasiwasi. Huna skana? Ilaze picha karibu na dirisha, zima flashi, na ushike simu sambamba nayo. Iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue, rangi itabaki kwenye kioo. Ipige humo humo kupitia tundu la kitambaa cheusi, ili kioo kisirudishe mwanga.

Nimeweka lubugo nyuma ya kolaji, sasa linaonekana kama boksi la katoni. Kwa nini?

Bila shaka umelipiga picha mwanga ukilimulika usoni. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, na alama za mifereji hiyo ndizo zinazolitambulisha. Mwanga wa mbele huzifuta. Litundike saa moja na nusu asubuhi, jua likilipiga ubavuni, kila mfereji upate kivuli chake. Zima urekebishaji wa rangi wa kamera, la sivyo wekundu wake wa udongo hufifia. Viraka na mishono iache. Anayelijua lubugo huvitafuta.

Kisha angalia mwanga wa watu utakaowaweka juu yake. Kama wao wamemulikwa kutoka kulia na kitambaa kutoka kushoto, geuza kitambaa kama kwenye kioo, kamwe usigeuze watu. Vifungo viwili vya gomesi, gauni la kitamaduni la akina mama lenye mabega yaliyochongoka, hukaa kushoto kwa mvaaji, na mama yeyote wa Kiganda atagundua vimehama kabla hajauliza huyo ni nani.

Neno la pembeni: Buganda hutawaza wafalme kwa lubugo, na huzika wafu nalo. Kulitandaza nyuma hakuna shida. Kumviringishia bibi aliye hai mwili mzima, waulize wazee kwanza.

Programu ya kuondoa mandhari inakata mabega ya gomesi na kuacha mstari mweupe pembeni.

Programu hizo hudhani ncha za mabega ni sehemu ya ukuta. Usitumie kifutio, tumia njia ya kuficha (kwa Kiingereza “layer mask”; programu za GIMP na Photopea zote zinayo), kwa kuwa kilichofichwa hurudishwa kwa brashi. Kwa mstari mweupe, punguza ukingo wa uteuzi kwa pikseli 1 au 2. Hifadhi kwa PNG. JPG hujaza weupe palipokuwa wazi.

Sisi Wasoga tuna bigwala, tarumbeta za vibuyu. Naweza kunakili tarumbeta moja mara tano?

Usifanye hivyo. Kila tarumbeta ya kibuyu hutoa sauti yake moja, ndiyo maana urefu hutofautiana na wapigaji hupokezana. Piga picha kila moja peke yake, zote kwa umbali uleule, na uzipange bila kubadilisha ukubwa.

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Nataka kawa (kifuniko cha chakula kilichofumwa) la nyanya yangu liwe jua katikati ya kolaji. Limepinda kidogo, nilinyooshe?

Lipige ukiwa juu yake kabisa, umesimama kwenye stuli, lilale juu ya shuka nyeupe. Kuna ujanja wa kukata kipande chenye pembe ya digrii 30 na kukizungusha mara 12, duara likatoka kamili. Linapendeza, ila linafanana na la kiwandani. Sisi tungeacha mpindo na pale uzi wa zambarau ulipomwishia nyanya akaendelea na mwekundu.

Zambarau na kijani kikali vitafifia kwenye karatasi, kwa sababu skrini huchanganya mwanga na printa huchanganya wino. Chapisha kwanza A4 moja ya majaribio na uitazame nje juani, si chini ya taa ya duka.

Picha za intaneti je?

Kupatikana kwenye intaneti si ruhusa. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mpiga picha hata asipoandika jina lake. Mwandikie umwombe. Na vijana wa imbalu, jando la Wagisu, wakiwa kwenye tohara, hata picha ukiwa umeipiga mwenyewe, pata kwanza ridhaa yao na ya wazazi.