Gari la puto linasimama na upepo bado umo: tatizo liko wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Binti yangu yuko Gredi ya 7 hapa Malindi. Wamepewa mradi wa sayansi, kila mmoja atengeneze gari linaloendeshwa kwa upepo wa puto. Letu ni la boksi, magurudumu ni vifuniko vya chupa za maji, ekseli ni vijiti vya mishikaki vilivyopitishwa ndani ya mirija ya soda. Tukiliachia linakwenda hatua mbili, linakata kushoto, linasimama na puto bado lina upepo. Tumeweka puto kubwa zaidi, kisha tukaweka mawili, hatukuona nafuu. Tena mwalimu wake anataka aeleze kwa nini gari linakwenda. Yeye ameandika kuwa upepo wa puto unasukuma hewa iliyo nyuma ya gari. Je, ni sawa? – Mama, Muyeye

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Katika maelezo yako yote, lililonisaidia zaidi ni hilo la gari kusimama ilhali puto bado lina upepo. Puto lingekuwa ndilo lenye kasoro, upepo ungekwisha kwanza, gari lifuate. Hapa msukumo upo lakini unaliwa na magurudumu. Ndiyo maana puto kubwa halikusaidia. Na ujue kwamba puto kubwa si lazima liwe na presha kubwa. Kumbuka unapopuliza: pumzi za mwanzo ndizo ngumu, likishafunguka linapokea kwa wepesi. Ukubwa unakupa upepo wa muda mrefu zaidi, haukupi nguvu zaidi.

Basi wekeni puto kando. Ligeuzeni gari juu chini, binti apige kila gurudumu kwa kidole. Gurudumu zuri huzunguka mara kadhaa likasimama polepole, bila kuyumba. Likizunguka nusu likakwama, hapo ndipo pa kushughulikia, na usiguse kitu kingine mpaka litengenee.

Nina dhana mbili, na huenda zote ziko kwenu. Ya kwanza ni selotepu. Watu hukaza mrija kwenye boksi kwa selotepu ya nguvu, mrija ukabonyea, ukakibana kijiti kilicho ndani. Utazame kwa upande wa mwisho: tundu lake linapaswa kuwa duara. Ukiliona limekuwa kama yai, bandua, weka mrija mpya, na safari hii tumia gundi kidogo chini yake badala ya kuukaba. Kijiti chenyewe kikague kwa kukiviringisha juu ya meza. Vijiti vya mishikaki vingi vimepinda kidogo na vina nyuzi za mti zilizochomoza. Chagua vilivyonyooka, uvisugue kwa msasa laini. Ukipata spoki kuukuu ya baiskeli iliyonyooka, hiyo ni ekseli bora kuliko kijiti chochote, kwa kuwa ni nyembamba na laini.

Ya pili ni tundu la kifuniko. Likitobolewa nje ya katikati, hata milimita mbili, gurudumu hupanda na kushuka kila mzunguko, na kila kupanda kunakula nguvu. Kupata kati, weka kifuniko juu ya karatasi, zungushia penseli, kata duara hilo, likunje mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Rudisha karatasi juu ya kifuniko, utie alama, kisha utoboe kwa msumari uliopashwa moto. Kazi hiyo ya moto uifanye wewe, si mtoto. Kijiti kikamate kifuniko barabara, kisha kizunguke kwa uhuru ndani ya mrija. Acha nafasi ndogo kati ya gurudumu na boksi ili visisuguane.

Kuna hesabu ndogo ambayo binti anaweza kuiandika kwenye ripoti, nayo itampa alama. Msuguano wa ekseli hulizuia gari kwa kiasi cha unene wa ekseli ukigawanya kwa upana wa gurudumu. Kijiti cha milimita 3 ndani ya kifuniko cha milimita 30 ni sehemu moja ya kumi. Kijiti hicho hicho ndani ya sidii, ambayo ina milimita 120, ni sehemu moja ya arubaini. Ndiyo sababu magari ya sidii huserereka mbali. Lakini sidii nne zina uzito wake, na gari zito huchelewa kuondoka. Mimi ningetumia vifuniko vya makopo vya plastiki, vyepesi, vyenye upana wa sentimita 7 au 8. Na boksi ningeliacha: unyevu wa pwani hulilegeza, likalegea hata ekseli zinapoteza mstari. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ni nyepesi na haibadiliki umbo.

Kuhusu kukata kushoto, lisukumeni gari kwa mkono bila puto. Likikata kushoto vilevile, ekseli mbili haziko sambamba. Pima kwa rula kutoka ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili, vipimo vilingane. Likienda moja kwa moja, basi mrija wa puto ndio umeelekea upande, au unaangalia juu. Maputo mawili huongeza balaa hili kwa sababu moja huisha kabla ya jingine. Rudini kwenye moja.

Mdomo wa puto ufungeni kwenye mrija kwa raba bendi iliyozungushwa mara kadhaa, kisha mpulize na kusikiliza kama unavuja. Mrija mwembamba sana huubana upepo, mpana sana huumaliza mara moja kabla gari halijashika mwendo. Kwa kuanzia, bomba la kalamu tupu au mrija mnene wa yogati uliokatwa mfupi hufaa.

Sasa maelezo ya binti. Yamekaribia, lakini hayako sawa. Puto linausukuma upepo wake lenyewe kwenda nyuma, na upepo huo nao unalisukuma puto kwenda mbele. Hewa ya nje haihitajiki. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Isaac Newton, aliyoichapisha mwaka 1687. Na ushahidi hauko mbali na kwenu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Ngomeni, roketi ya Scout iliipeleka angani setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Roketi ile ilizidi kuongeza mwendo kule juu ambako hewa karibu haipo. Kama ingetegemea kusukuma hewa ya nyuma, ingeishiwa nguvu huko. Mtoto wa Malindi akiandika mfano huo kwenye ripoti yake, na auandike kwa fahari.

Katika kupima, abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Akitaka kulinganisha mirija, puto, gari na sakafu vibaki vilevile. Alipulize puto mpaka futi ya fundi cherehani ikilizunguka isome sentimita 50 kila mara, aliachie mara tatu kwa kila mrija, aandike masafa yote na wastani wake. Puto jipya alipulize na kulitoa upepo mara chache kabla ya kuanza kupima, maana mara za kwanza huwa gumu kuliko zitakazofuata.

Wapimie ndani, kwenye vigae au saruji laini. Barazani upepo wa kusi utalisukuma gari, na vipimo vya asubuhi havitalingana na vya alasiri. Mchanga nao ukiingia ndani ya mirija ya ekseli, kazi yote ya msasa imepotea. Baada ya kila zoezi upulizeni utoke.

Siku ya maonyesho abebe maputo matatu au manne ya akiba, yaliyokaa kivulini, kwa sababu jua huifanya raba ipasuke ovyo. Vipande vya puto lililopasuka viokotwe papo hapo. Wadogo zake wakitia mdomoni vinaweza kuwakaba.