Mji Mmoja Unazungumza, Jirani Yake Kimya: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tangu nilipogusia kwamba miji miwili jirani, yenye wakazi wanaofanana karibu kwa kila kitu, inaweza kuachana mbali sana katika ushiriki wa wakazi wake mtandaoni, nimeletewa maswali mengi, na mengine yameandikwa kwa uchungu. Ninayajibu hapa yale yaliyorudiwa zaidi.

Mji wetu na mji jirani inatenganishwa na mto tu. Lugha ni moja, kipato kinakaribiana, shule zinafanana. Wenzetu wanajadili mambo ya mji wao mtandaoni kila siku, sisi hata ujumbe mmoja kwa wiki ni shida. Watu wetu wana kasoro gani?

Hawana kasoro, na ningependa neno hilo tuliweke kando mapema, kwa maana ndilo linalowafanya wasimamizi wengi wa makundi ya mtandaoni wakate tamaa na kuwageuzia wakazi lawama. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilieleza jambo la namna hii kwa hesabu rahisi. Yeye alikuwa akizungumzia fujo za mitaani, lakini hesabu yenyewe inafaa vilevile kwa mazungumzo. Chukua watu 100, kila mmoja akiwa na kizingiti chake, yaani idadi ya wenzake anaotaka kuwaona wametangulia ndipo naye aingie. Wa kwanza hamsubiri mtu. Wa pili anasubiri mmoja atangulie. Wa tatu anasubiri wawili. Na hivyo hivyo mpaka wa mwisho, anayesubiri wenzake wote 99. Wa kwanza akifungua kinywa, wa pili anafuata, wa tatu anafuata, na mwishowe wote 100 wamo. Sasa mbadilishe mtu mmoja tu: yule aliyekuwa akisubiri mmoja, mfanye awe wa kusubiri wawili. Wa kwanza atasema, atangoja, hatamwona mtu nyuma yake, na mambo yataishia hapo. Mgeni atakayeitazama miji hiyo miwili ataandika kwamba mmoja una watu wachangamfu na mwingine una watu baridi, ilhali watu 99 kati ya 100 ni wale wale.

Nimesimamia kundi la mtandaoni la wakazi kwa miaka kadhaa, na hesabu hii nimeiona ikitembea kwa miguu. Jioni moja, yapata saa mbili, mama mmoja aliandika kwamba taa ya njia panda imezimika na mtoto wake amekoswakoswa na gari. Nilikuwa nikitazama simu, nikiona idadi ya waliousoma ujumbe ule ikipanda, kumi, ishirini, arobaini na kitu, wala hakuna aliyejibu hata neno. Saa tatu na robo, mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, aliandika maneno manne: "Kwetu pia imezimika, mama." Kabla ya nusu saa kwisha walikuwa wameongezeka watu kumi na mmoja, mmoja wao akiwa na picha ya nguzo yenyewe na namba iliyobandikwa juu yake, ambayo ndiyo mafundi waliyohitaji. Mpaka leo najiuliza usiku ule ungekuwaje kama yule mzee angekuwa amelala mapema.

Kwa hiyo ni bahati tu?

Ni bahati kwa sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukubali. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha zaidi ya watu 14,000 waliosikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana mtandaoni. Baadhi ya wasikilizaji walichagua bila kujua wenzao wamechagua nini; wengine waligawanywa kwa kubahatisha katika "dunia" nane zilizotengana, na kila mmoja aliona ni mara ngapi watu wa dunia yake tu wameupakua kila wimbo. Nyimbo zilikuwa zile zile na wasikilizaji walikuwa wa aina moja, lakini kila dunia ilipata mpangilio wake wa washindi. Nyimbo bora hazikushika mkia mara nyingi, wala mbaya kabisa hazikuongoza mara nyingi. Zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, ziliweza kuangukia popote. Miji miwili inayotazamana ng'ambo ya mto nayo ni dunia mbili za namna hiyo, kwa sababu mkazi wa mji mmoja haoni wenzake wa mji wa pili walivyochangamka, bali anaona ukimya wa mji wake mwenyewe na kuufuata.

Hata hivyo, bahati inaeleza mwanzo zaidi kuliko inavyoeleza kudumu. Mazungumzo yanayodumu miaka mitano au kumi yana sababu zinazoweza kuonekana, na maswali yanayofuata yanazigusa.

Tukiletewa intaneti yenye kasi zaidi, tutawafikia wenzetu?

Kasi peke yake haitoshi. Kati ya mwaka 1997 na 1999, wanasosholojia Keith Hampton na Barry Wellman walichunguza kitongoji kipya karibu na Toronto, nchini Kanada, ambacho wao walikiita Netville. Kilikuwa na nyumba 109, na 64 kati ya hizo ziliunganishwa na mtandao wenye kasi ya ajabu kwa wakati ule. Wakazi waliounganishwa waliwajua kwa majina majirani karibu mara tatu ya wale wasiounganishwa. Ukisoma kwa makini, hata hivyo, utaona kwamba kilichofanya kazi kubwa ni njia moja rahisi ya kumwandikia kila jirani kwa pamoja, ambayo wakazi waliitumia kutafuta fundi, kualikana na, baadaye, kuungana kumkabili mjenzi wa nyumba zao kuhusu kasoro za ujenzi. Ujumbe wa maandishi hauhitaji kasi kubwa. Ikiwa miji yenu miwili ina intaneti ya aina moja, sababu ya tofauti itafuteni kwingine.

Je, madiwani na maofisa wa mji waingie katika mazungumzo, au wakae mbali?

Swali hili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, kwa kuwa mkazi huendelea kuandika anapoona kwamba maneno yake yamefika mahali. Mfano ninaoupenda ni wa Santa Monica, mji wa California unaopakana na bahari upande mmoja na kuzungukwa na Los Angeles pande nyingine. Mwezi Februari 1989, kabla watu wengi duniani hawajalisikia neno intaneti, serikali ya mji huo iliwafungulia wakazi mtandao wa kujadiliana wao kwa wao na kuwaandikia viongozi, na ikaweka kompyuta katika maktaba na majengo mengine ya umma kwa ajili ya wasio na zao. Kwa njia hiyo watu wasio na makazi waliingia kwenye mjadala bila mtu kuona nguo zao wala kuwakatiza. Walipoulizwa wanahitaji nini ili wapate kazi, hawakuomba chakula. Walieleza kwamba mtu hawezi kwenda kuomba kazi akiwa hajaoga, nguo zake chafu, na mizigo yake yote mkononi. Kutokana na mjadala huo wakazi walianzisha kampeni, na mji ukapata mahali pa kuoga asubuhi, mashine za kufulia na makabati ya kufungia mizigo. Kwa mwandishi asiye na makazi, huo ulikuwa uthibitisho kwamba kuandika si kupoteza muda.

Lakini mtandao huo huo unafundisha na upande wa pili. Watu wachache waliogeuza mjadala kuwa uwanja wa matusi waliwachosha wengine, na baadhi ya madiwani waliokuwa wakijibu wakajitoa. Kiongozi akiondoka, mkazi mpole naye hupunguza kuandika, kwa kuwa hana tena wa kumwandikia, na wanaobaki ni wale wasiohitaji kusikilizwa ili waendelee kupiga kelele. Jibu langu, basi, ni kwamba waingie, lakini kuwepo na msimamizi mwenye mamlaka na subira, aliyekubaliwa na wakazi, wa kuwazuia watukanaji bila kuwazuia wakosoaji. Ninasisitiza tofauti hiyo kwa sababu nimeona kundi moja likifa kwa kosa la pili: kila aliyeuliza swali gumu kuhusu fedha za mji aliondolewa kwa kisingizio cha adabu, na baada ya mwaka mmoja likabaki la matangazo ya misiba na salamu za sikukuu.

Kundi letu lina maelfu ya wanachama lakini wanaoandika hawazidi kumi. Hao wengine ni wavivu?

Sivyo. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alitoa makadirio yaliyojulikana sana, kwamba katika jamii nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Ni makadirio ya jumla, tena kila jamii ina uwiano wake, lakini yanatosha kutuonyesha jinsi mazungumzo ya mji mzima yanavyoweza kuning'inia kwa watu wachache. Katika kundi la watu 1,000, asilimia 1 ni watu kumi. Mmoja akihama, wa pili akiuguza mzazi, wa tatu akikwazwa na neno alilojibiwa, karibu theluthi ya sauti imekwisha kutoweka, na hakuna chochote kilichobadilika katika tabia ya wakazi. Na hao wanaosoma kimya wasidharauliwe: mama wa taa ya njia panda alikuwa amesoma kimya kwa miezi saba kabla ya usiku ule.

Tumehesabu ujumbe wa miji yote miwili kwa mwezi mmoja na tumeshindwa vibaya. Je, hesabu hiyo ni ya haki?

Huenda si ya haki. Angalieni kwanza kama mnalinganisha vitu vya aina moja. Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota, Marekani, ni mfano mzuri wa jinsi majirani wanavyoweza kujipanga tofauti. Sensa ya mwaka 2020 iliwapa wakazi wapatao 430,000 na 311,000, kwa hiyo hata kabla ya kuhesabu neno lolote lazima mtu agawanye kwa idadi ya watu. Zaidi ya hapo, Saint Paul ina mabaraza 17 ya wilaya, mfumo ulioanza katika miaka ya 1970, ilhali Minneapolis ina mitaa zaidi ya 80 inayotambuliwa kwa majina yake. Mkazi mwenye baraza la wilaya la kupelekea jambo lake ana mlango mwingine wa kubisha, na mkazi wa mtaa mdogo wenye kundi lake mwenyewe anaweza kuwa anazungumza sana mahali msipopatazama. Kabla ya kusema mji umenyamaza, ulizeni watu hamsini wa rika mbalimbali mara ya mwisho waliposikia jambo la mji walilisikia wapi, na walimwambia nani.

Tuanzie wapi?

Tafuteni watu watano au sita wenye vizingiti vya chini, wale ambao hata mkutanoni hunyoosha mkono bila kuangalia kushoto wala kulia, na wafanye jambo moja kwa miezi mitatu: kila mkazi atakapoandika kwa mara ya kwanza, apate jibu la mtu kabla ya saa moja kupita, hata kama ni la maneno manne. Mengine yote, pamoja na sheria za kundi na mwaliko kwa diwani, yanaweza kungoja mwezi wa pili.